Waya wa Kurudi

Mwaka jana bomba letu la maji lilitoboka mara sita, na mara zote sita lilitoboka mahali pamoja: hatua chache chini ya korongo, karibu na migomba ya Mukabera. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Maman hakujiuliza. Alikuwa na jibu tayari, na jibu hilo lilikuwa na jina la mtu.

Mama yangu, Speciose, ni mwenyekiti wa kamati ya maji ya mlima wetu, hapa Nyakarenzo. Anatunza ufunguo wa tangi lililo juu kwenye mikalatusi, anapanga zamu za kusafisha robine ya shule ambako watu wote huchota, na anapokea malalamiko tangu anapofungua mlango asubuhi. Mimi ni mwalimu kwenye shule hiyo, na nyumba yangu imepakana na yao, kwa hiyo malalamiko yakimzidi huyaleta kwangu. Bomba likivuja, Maman hali vizuri. Anasema anasikia maji yakimwagika hata akiwa kanisani.

Mtu aliyemlaumu ni Twahiru, fundi bomba wa Muganza, chini kwenye tambarare, penye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mvua za Aprili zilibomoa ukingo wa korongo na kuondoka na mita kumi na mbili za bomba letu la chuma. Twahiru ndiye aliyekuja. Mahali pa kile chuma kilichokwenda akaweka bomba jeusi la plastiki, akalifunga vizuri huku na huku, na siku hiyohiyo maji yakafika shuleni. Tulimpenda. Kila alipopanda mlima alimletea bibi yangu mchele mpya, kwenye mfuko aliofunga kwa ugwe wa mgomba.

Miezi tisa baadaye likatokea tundu la kwanza. Twahiru akaja, akakata kipande kilichotoboka, akaweka kingine, akakataa malipo. Likatokea la pili, akaja. La tatu, akaja, akakaa chini kwenye tope akilitazama.

"Chuma hii iko muzuri, Maman Speciose," alisema. "Sijui ni nini inaikula."

Baada ya tundu la nne kukawa na mkutano pale shuleni. Maman alisimama mbele ya watu, na Twahiru mwenyewe yupo, amekaa kwenye benchi la watoto wangu wa darasa la kwanza, magoti yamemfika kifuani. Maman akasema, "Tangu huyu muntu aguse tiyo yetu ya mayi, tiyo inaoza. Ametuletea chuma ya kuoza, na sisi tunamushukuru kila siku kama bajinga."

Twahiru alikusanya spana zake, akavaa kofia, akateremka mlima. Hakurudi tena. Tundu hilo na la tano aliyaziba Papa, kwa vipande vya mpira wa tairi na waya.

Papa, Protais, si fundi bomba. Ni fundi umeme wa malori. Alizaliwa Bukavu, upande wa Kongo, akajifunza kazi kwenye gereji ya huko, na tuliporudi upande huu wa Rwanda alivuka daraja la Rusizi na sanduku la vifaa kichwani, mimi nikiwa mgongoni kwa Maman. Alitengeneza malori ya saruji kule Muganza miaka zaidi ya ishirini. Sasa amestaafu, ingawa sijawahi kumwona amekaa bila kitu mkononi.

Mwaka 2010 bibi yangu Mukakalisa, mama wa Maman, alifiwa na mume wake akaja kuishi nasi. Tunamwita Nyogokuru. Hakuweza kulala gizani. Aliweka kitaa cha mafuta kando ya kitanda, na siku moja kitaa kikashika blanketi. Tuliwahi kuuzima moto. Kesho yake Papa alikwenda mtoni, juu ya korongo, na dinamo ya lori bovu, na kwa wiki mbili hatukumwona ila wakati wa kula. Alitengeneza gurudumu la mbao, akaligeuza kwa maji ya kijito, likazungusha dinamo. Umeme ukawepo. Tatizo lilikuwa nyaya. Zilihitajika mbili, mmoja wa kuleta umeme nyumbani na mmoja wa kuurudisha kwenye dinamo, na yeye alikuwa na bunda moja tu, lililofika mara moja kutoka mtoni hadi ukutani kwetu.

Kwa mtu wa malori hilo si tatizo. Nakumbuka alivyonieleza, anacheka kwa furaha.

"Kwenye lori kuna waya moja tu ya kwenda, Christelle. Ya kurudi ni chuma ya gari yenyewe, chasi na bodi. Sisi tunaita masi. Sasa tazama: tiyo ya mayi inapita pale mtoni, kisha inapita nyuma ya nyumba yetu. Ni chuma toka juu mpaka chini. Ile tiyo ndiyo masi yangu."

Akafunga waya mmoja juu kwenye miti, na kwa upande wa kurudi akabana bomba kwa vibano viwili, kimoja nyuma ya nyumba na kimoja mtoni. Jioni hiyo balbu ya breki ya lori ikawaka kando ya kitanda cha Nyogokuru, ndani ya kopo la maziwa alilolikata kuwa kivuli.

Papa hakuiona ikiwaka. Kwetu mwanamume haingii chumba cha mama mkwe wake. Aliuliza kutoka nje ya pazia, "Mabukwe, inawaka?" na Nyogokuru akajibu, "Inawaka, mukwe." Kwa miaka yote iliyofuata sidhani kama walizungumza mengi zaidi ya hayo. Walisalimiana kwa heshima, kila mmoja akatazama pembeni. Umeme wa gridi ulipofika mlimani tukaweka taa nyeupe nyumba nzima, lakini Nyogokuru akakataa chumbani kwake. "Hii yenu inakuja na kwenda," alisema. "Ya mukwe haiendi." Basi ile balbu ikaendelea kuwaka mchana na usiku, na kila alfajiri Papa alipita mtoni kutoa majani kwenye gurudumu. Balbu ikiungua, mimi au Maman tulibadilisha.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kwamba ile taa na lile bomba ni jambo moja.

Tundu la sita lilikuwa la Juni. Papa alichoka na mipira ya tairi, akakata kipande kizima, akaunga pengo kwa mpira wa maji, akaja na kile kipande nyumbani. Nilimkuta kwenye kizingiti cha jikoni akikigeuza geuza mikononi. Alikuwa amekisugua kikang'aa. Tundu lilikuwa la duara, safi, kama la kutoboa kwa mashine, na kandokando yake vilikuwepo vishimo vingine vidogo ambavyo havijafika ndani.

"Weka kidole," aliniambia. "Ndani ni laini. Inaliwa kutoka inje."

"Udongo, labda."

"Kule juu ya korongo tulishaziba matundu ngapi?"

Nikafikiri. "Hata moja."

"Hata moja. Udongo ni ule ule. Fundi ni yule yule. Alifunga huku na huku siku moja. Kwa nini chini inatoboka na juu haitoboke?"

Aliingiza ncha ya kidole kwenye tundu, akaitoa, akaiingiza tena. Kisha nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwenye redio.

"Nilishaona hii kitu," alisema polepole. "Muganza. Kwenye radiateri."

Akanieleza. Lori likikatika ule waya mnene unaounganisha injini na chasi, umeme haukai. Unatafuta njia nyingine ya kurudi. Mara nyingi unapita kwenye maji ya radieta, na pale unapotoka kwenye chuma unaondoka na chuma kidogo kidogo, kila siku, mpaka radieta inakuwa kama kichujio cha chai. Madereva walikuwa wakilaumu maji mabaya, au radieta za bandia. Yeye aliwaambia wabadilishe waya, na radieta mpya hazikutoboka tena.

"Na sisi tumeweka plastiki," nilisema.

"Mita kumi na mbili." Alikiweka kipande chini kwa uangalifu, kama yai. "Plastiki haipitishi. Twahiru alipoweka ile tiyo, alikata masi yangu, na hakuwa na namna ya kujua. Umeme unatoka nyumbani unapanda na tiyo, unafika kwenye korongo, chuma imeisha. Unaruka kwenye udongo, unavuka, unaingia kwenye chuma ya juu, unarudi mtoni kwa dinamo. Pale unapoingia hauharibu kitu. Pale unapotoka, unakula." Akajifuta uso kwa mkono wenye kutu. "Na ile wiki ampuli ya Mabukwe ilififia, Christelle. Maman yako aliniambia imekuwa nyekundu. Nikasema ni dinamo inazeeka. Nikapanua mfereji izunguke zaidi."

Alitaka kupima kabla ya kusema lolote. Alikwenda korongoni na mita yake, akagusa chuma cha juu kwa waya mmoja na chuma cha chini kwa mwingine, mimi nikabaki nyumbani, simu sikioni.

"Iko hapa," alisema. "Volti tatu na kitu. Sasa toa ampuli."

Niliingia kwa Nyogokuru. Alikuwa amekaa kitandani, mkono wake mmoja juu ya lile kopo, kama anavyokaa siku zote. Nilipolishika, akanishika kifundo cha mkono. Ana miaka tisini na kitu, na bado ana nguvu za kulima.

"Nani anagusa taa yangu?"

"Ni mimi, Nyogokuru. Papa anataka kupima."

"Protais ameanguka?"

"Hapana. Yuko korongoni, muzima kabisa. Huyu hapa kwenye simu."

"Basi kwa nini munaizima?"

Papa alisikia kila kitu. "Mwambie Mabukwe ni dakika moja tu. Mwambie pardon." Ikabidi nimwahidi mara tatu. Nilitoa balbu, na kwenye simu nikasikia Papa anavuta pumzi. "Imeanguka," alisema. "Sifuri. Rudisha." Nikarudisha. "Imepanda." Baada ya hapo nilisikia majani ya migomba tu.

Alimwambia Maman mchana huohuo, jikoni, Maman akichambua maharage. Nilitaka kuondoka, Papa akanionyesha kigoda nikae. Alieleza yote kwa mfuatano, bila kujitetea, akachora kwa mkaa sakafuni: mto, nyumba, korongo. Maman aliendelea kuchambua. Alipomaliza, mikono ya Maman ikasimama.

"Mwaka mumoja na miezi mbili," alisema.

"Ndiyo."

"Nimemusimamisha yule muntu mbele ya batu."

"Speciose, kosa ni yangu. Mimi nitaenda kumuona."

"Wewe ulikosea bila kujua." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi sikujua pia, lakini nilisema kama najua."

Alichukua ungo akatoka nao nje. Siku ile hakusema naye tena. Lakini jioni niliona amempakulia Papa chakula kabla ya kila mtu, na juu ya ugali ameweka vile vidagaa vikavu vya ziwani anavyovipenda, ambavyo huwa anavificha vya Jumapili. Papa alivila kimoja kimoja.

Asubuhi iliyofuata Papa alisimama nje ya pazia la Nyogokuru. Alikuwa amevaa koti.

"Mabukwe," alisema, "ile taa inakula tiyo ya mayi ya batu. Itabidi niizime. Taa nyeupe iko, Speciose atakuwekea."

Kisha tukasikia kopo linagongagonga, na mkono wa Nyogokuru ukatokea kando ya pazia ukiwa umeshika balbu, ameifunga kwenye kitambaa kwa sababu ya moto.

"Chukua," alisema. "Lakini usiniwekee ile nyeupe. Ya nini? Mimi sioni tena, mukwe. Huu mwaka wa pili."

Maman akaruka. "Mama! Huoni? Na hukusema?"

"Nione nini tena? Nyinyi nawajua kwa miguu yenu." Alikuwa akizungumza na Maman, lakini uso ameuelekeza kwenye pazia. "Ile taa nashika kopo yake. Asubuhi nikiamka nashika. Ikiwa na moto muzuri, najua Protais amepita mtoni, ametoa majani, ni muzima. Halafu naanza kusali. Sasa nitamuuliza nani? Nitaita kwa sauti, mukwe wangu, umeamukaje? Si heshima."

Papa alisimama pale na balbu mkononi. Ninamjua baba yangu; akiguswa anatafuta kitu cha kurekebisha. Akatazama balbu, akatazama juu kwenye ile miti inayobeba waya, akasema kwa sauti isiyo yake, "Inatakiwa waya ya pili tu. Ya kurudi. Ingine hakuna." Na akaondoka haraka.

Siku hiyo hiyo yeye na Maman waliteremka Muganza kwa pikipiki za kukodi. Nilikwenda nao, kwa sababu Maman aliniomba nikae karibu naye. Tulimkuta Twahiru nyuma ya nyumba za wafanyakazi, vumbi la saruji kwenye nyusi, anaunganisha mabomba. Alituona, akasimama, akasalimia wote watatu kwa mkono kama mtu mwenye adabu. Hakutabasamu.

Maman hakusubiri kukaribishwa. "Twahiru, chuma yako ilikuwa muzuri. Ulisema, na mimi sikusikia. Kilichokula tiyo kimetoka nyumbani kwangu. Nimekuja kuomba msamaha."

Twahiru alimtazama Papa. Papa akatoa kile kipande cha bomba mfukoni mwa koti akampa, akaanza kueleza. Mwanzoni Twahiru alisikiliza ameinamisha kichwa. Lakini Papa alipofika kwenye upande wa juu na upande wa chini, akashindwa kujizuia.

"Upande wa chini tu?"

"Wa chini tu."

"Nililiona hilo!" Alipiga paja. "Nilimwambia mke wangu nyumbani, pale pana kitu, juu chuma kizima, chini inatafunwa. Nililala nikifikiria. Kumbe umeme!" Na wote wawili wakachuchumaa mchangani, wanachora, mmoja anafuta mstari wa mwenzake. Maman na mimi tukabaki tumesimama kama mizigo.

Hata hivyo, tulipokuwa tunaaga, Twahiru alimgeukia Maman na uso wake ukarudi kuwa mzito. "Nimekusamehe, Maman. Lakini ulisema mbele ya batu. Tangu siku ile hakuna muntu wa mlima wenu aliyeniita kazi. Batoto walikuwa wananiita Chuma-ya-Kuoza hata sokoni."

"Nitasema mbele ya batu," Maman alijibu.

Na alisema. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, watu wote wamekaa kwenye nyasi na majembe yao. Papa alitaka kusimama yeye. Maman akamvuta suruali akae. Alieleza kwamba Twahiru alifanya kazi safi, kwamba yeye Speciose alimsingizia, na kwamba kilichotoboa bomba ni taa ya nyumbani kwake. Kisha akafungua ufunguo wa tangi kwenye kitenge chake, akauweka kwenye nyasi mbele yake, akasema kama wanataka mwenyekiti mwingine, huo hapo.

Mukabera, ambaye migomba yake ilifurika mara sita, alinyanyuka na jembe lake. Tukajua anataka kulalamika. "Chukua ufunguo wako, Speciose," alisema. "Nani mwingine ataamka saa kumi na moja kwa ajili ya robine? Mimi? Hapana." Watu wakacheka, na mambo yakaishia hapo. Twahiru, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, alivua kofia, akaivaa tena, akaja kukaa mbele.

Wiki iliyofuata alipanda mlima. Waya wa pili ulitoka kwenye yadi ya malori mabovu ambako Papa bado ana marafiki; ulikuwa wa vipande vipande, rangi nne tofauti, na walikaa siku mbili wakiuunga na kuupandisha kwenye miti. Papa alifungua vibano vyake vyote viwili kwenye bomba. Twahiru akaweka kipande kipya cha chuma pale chini ya korongo, na wakapima pamoja kwa mita: sifuri huku, sifuri huku. Siku ya pili Maman alipika jogoo, na kwa kuwa Twahiru ni Mwislamu alimpelekea jogoo na kisu amchinje mwenyewe, asije akala kwa wasiwasi. Alikula sahani mbili.

Jioni kabla ya jua kuzama Papa alisimama nje ya pazia. "Mabukwe, inawaka?"

Tukasubiri. Kopo huchukua muda kidogo kupata moto.

"Inawaka," Nyogokuru alisema. Kisha, jambo ambalo sikuwahi kulisikia, akaongeza: "Umechoka leo, mukwe. Nasikia miguu yako. Kaa chini." Na Papa akaketi pale pale kwenye sakafu ya ukumbi, mgongo ukutani, upande wake wa pazia.

Sasa ni miezi tisa. Bomba halijatoboka. Papa amepata kazi mpya ambayo hakuna aliyempa: anazunguka milima akiwatafuta watu waliojitengenezea umeme wa kijito kama yeye, awaulize waya wao wa kurudi uko wapi. Jumanne iliyopita alisikia kuna mmoja huko Gikundamvura, akaondoka asubuhi bila kunywa chai. Alirudi jua limeinama, tope hadi magotini, mkungu wa ndizi begani.

"Ulimpata?" Maman aliuliza.

"Nilimpata. Waya yake ni mbili, ni mufundi muzuri sana."

"Kwa hiyo ulienda bure."

"Si bure," alisema Papa, akitua ndizi. "Gurudumu lake ni la chuma. Anataka nimuonyeshe la mbao."

Maman alitikisa kichwa, akaenda kumtilia maji ya moto ya kuoga.